Jibu la Mtihani ni Neno la Nani?

Katika shule ninayofundisha Kiswahili, mashariki mwa Uganda, mwalimu wa zamu huketi katika ukumbi wa kusomea tangu saa moja za jioni hata saa nne za usiku. Kazi yake ni kulinda ukimya. Ifikapo mwezi wa Oktoba ukimya huo hauhitaji mlinzi, kwa kuwa mtihani wa kidato cha sita umekaribia, na wale waliochukua Fizikia, Kemia na Biolojia huinamia madaftari yao hata ukipita karibu hawainui kichwa. Usiku mmoja wa namna hiyo kijana mmoja alinijia mezani, akaniamkia, akasimama kimya kidogo, kisha akasema: "Samahani, Mwalimu. Mtu akiandika jambo asiloliamini, amesema uongo?"

Nilidhani ana insha ya Kiswahili mkononi. Hakuwa nayo. Alikuwa na daftari la Biolojia, na swali la marudio lililomtaka aeleze ushahidi wa mageuko ya viumbe kwa alama ishirini. Jibu alikuwa nalo tayari, tena lilikuwa kamili kadiri mtu wa lugha awezavyo kuona: visukuku vya miambani, mifupa ya mkono wa binadamu, ya bawa la popo na ya pezi la nyangumi, ambayo imepangika kwa mpango mmoja, viumbe vya visiwani vinavyofanana na vya bara iliyo jirani, mfanano wa protini. Hakupungukiwa na hoja. Alichopungukiwa ni imani. Kanisani kwao hufundishwa kwamba kila aina ya kiumbe iliumbwa peke yake, naye anasadiki hivyo, si kwa kuwaogopa wazazi bali kwa moyo wake. Baba yake alikuwa amemshauri kwa urahisi: "Waandikie wanachotaka, upate alama, utoke." Ushauri huo ndio uliomnyima usingizi.

Nilimwuliza sababu ya kuniletea mimi swali hilo badala ya kumpelekea mwalimu wake wa Biolojia. Akajibu, "Yeye ataniambia kama jibu ni sahihi. Mimi nataka kujua kama ni uongo."

Yanipasa kusema kwamba kijana huyu hakuwa mtu wa kutafuta visingizio. Muhula uliotangulia alinirudishia karatasi ya zoezi kwa sababu nilikosea kujumlisha nikampa alama mbili zisizo zake. Wanafunzi walionijia kudai alama katika miaka yangu ya kazi siwezi kuwahesabu. Aliyenijia kuzirejesha ni huyo peke yake. Kwa hiyo sikuthubutu kumjibu kwa mzaha, wala kwa lile jibu ambalo sisi walimu tunalo sikuzote mdomoni, yaani "wewe soma tu". Nilimwambia kwamba nitalifikiri, na makala haya yametokana na kufikiri huko.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina neno dogo lenye kazi kubwa, nalo ni "eti". Mtu asemapo, "Eti Juma amepata kazi," ameyaleta maneno na papo hapo ameyatua chini. Yeye ameyabeba tu, wala hadaiwi. Tunayo pia "inasemekana", "yasemwa", na katika maandishi ya heshima "kwa mujibu wa". Mtoto mdogo huijua tofauti iliyopo kati ya kusema na kusemea kabla hajaingia darasa la kwanza. Lakini karatasi ya mtihani haina nafasi ya eti. Swali husema "eleza", na jibu huandikwa kwa sentensi zilizonyooka, kana kwamba mwenye kalamu ndiye mwenye maneno. Ndipo kijana mwenye dhamiri huona kwamba anaambiwa atie sahihi katika hati ambayo hakuikubali.

Lakini je, ni kweli kwamba ametia sahihi? Lisilo kweli si lazima liwe uongo. Anayekuambia kwamba basi la Mbale huondoka saa mbili, kumbe huondoka saa moja, amekosea tu. Mwongo ni yule anayetaka msikilizaji wake asadiki lile ambalo yeye mwenyewe halisadiki. Mtambaji wa hadithi asemaye kwamba sungura alimwambia fisi hivi na hivi hajamdanganya mtu. Mkalimani wa mahakamani asimamaye na kutamka "mimi sikuiba", hali anamfasiria mshtakiwa, hajakana kosa lolote. Wahenga walinena kwamba mjumbe hauawi, na sababu yao ilikuwa hiyo hiyo: neno si lake.

Sasa tumtazame msahihishaji aliyeketi na rundo lake la karatasi. Je, anataka kupata habari za nyangumi kutoka kwa watahiniwa? La hasha. Habari hizo anazo, tena amepewa mwongozo wenye majibu yote. Hakuna hata msahihishaji mmoja atakayesadiki kwamba nyangumi ana asili ya nchi kavu kwa sababu kijana mmoja wa Tororo ameandika hivyo. Kuhusu nyangumi, basi, kijana hawezi kumdanganya hata angetaka. Msahihishaji anatafuta habari moja tu, nayo ni ya kijana mwenyewe: je, jambo hili amelielewa? Kila jibu la mtihani, liwe la Biolojia au la sarufi, lina sentensi moja iliyojificha mbele yake: "Mimi ninajua kwamba wataalamu hueleza hivi, tena ninajua kwa nini." Sentensi hiyo ndiyo neno la mtahiniwa. Yaliyobaki ni ya Darwin, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1859, na ya wale waliomfuata na kumsahihisha.

Nilipomweleza kijana maneno haya siku ya pili uso wake ulikunjuka. Alisema, "Basi uongo uko katika ile sentensi iliyojificha." Nikamwambia ndiyo, kama upo, uko hapo. Nami ningeliridhika na jibu langu, nikalifunga jambo, kama si mambo yaliyopata kutokea nyumbani kwa kaka yangu.

Mtoto wa kwanza wa kaka yangu, alipokuwa na umri wa miezi minane, alianza kuvimba viganja na nyayo, akawa analia usiku kucha. Wakubwa walidhani ni meno. Alipopimwa damu ilionekana ana selimundu, ugonjwa ambao jina lake tumelipata kutokana na umbo la chembe nyekundu za damu, ambazo hupinda kama mundu wa kuvunia, zikakwama katika mishipa myembamba na kuleta maumivu yasiyosemeka. Asili ya balaa hii yote ni kitu kidogo mno. Himoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni katika damu, imeundwa kwa minyororo ya asidi za amino, na mmojawapo wa minyororo hiyo una asidi 146 zilizofuatana. Mwenye ugonjwa huu ana kosa katika asidi ya sita tu: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Vernon Ingram ndiye aliyelionyesha jambo hilo katika miaka ya 1956 na 1957, na mpaka leo mwanafunzi wa kidato cha sita hulikuta katika sura ya urithi.

Wazazi nao walipimwa. Kila mmoja alikuwa na jeni moja nzima na moja yenye kasoro, hali ambayo haimsumbui mwenyewe ila anaweza kumrithisha mtoto. Walipouliza kuhusu watoto watakaofuata, mhudumu mmoja wa afya katika zahanati aliwaeleza kwa upole na kwa uhakika: "Hesabu yake ni mmoja katika wanne. Huyu ndiye mmoja wenu. Watatu watakaofuata watakuwa salama." Wakamshukuru. Mtoto wa pili akazaliwa mzima, ikaonekana maneno yale yanatimia. Wa tatu akazaliwa na ugonjwa ule ule. Shemeji yangu, baada ya kupewa matokeo ya kipimo, alisema, "Huu ni mtihani," kwa ile maana ya neno hilo ambayo haina alama wala cheti.

Mhudumu yule namfahamu. Alisoma Biolojia hadi kidato cha sita, akafaulu vizuri, jambo ambalo mara nyingi amelitaja mwenyewe kwa fahari. Sina shaka kwamba ukimpa karatasi na kalamu atakuchorea ile miraba minne ya urithi bila kukosea: baba juu, mama ubavuni, mraba mmoja mzima kabisa, miwili ya wenye kubeba, mmoja wa mgonjwa. Kosa lake ni kusoma miraba hiyo kana kwamba ni watoto wanne waliopanga foleni, akitoka mmoja wamebaki watatu. Miraba ile si watoto. Ni bahati za mimba moja, na kila mimba huanza upya, haina habari na iliyoitangulia. Tukichukua familia 256 za wazazi wa namna hiyo, kila familia ikiwa na watoto wanne, kwa wastani familia 81 hazitapata mgonjwa hata mmoja. 108 zitapata mmoja. 54 zitapata wawili. 12 zitapata watatu. Na moja itapata wote wanne. Maana yake, hata hilo la "mmoja katika wanne" likichukuliwa kama alivyolichukua yeye, halitimii kwa nusu ya familia.

Je, mhudumu yule alisema uongo? Kwa kipimo tulichokiweka hakusema. Aliamini kila neno alilotamka. Angelikuwa baba wa watoto wale angelijiambia mwenyewe vivyo hivyo. Wakati huo huo kijana wangu wa ukumbini, asiyeamini nusu ya anayoyaandika, alikuwa analala macho kwa kuogopa uongo. Hapo niliona kwamba swali lake na msiba wa kaka yangu ni jambo moja lililotazamwa kutoka pande mbili, na kwamba imani, ambayo sote tulikuwa tukiitazama, siyo mahali penye hatari.

Nitumie mfano wa watu watatu wenye kubeba maneno. Wa kwanza ni tarishi: amepewa barua iliyofungwa, anaifikisha ilivyo, haijui. Wa pili ni mkalimani: maneno si yake, wala hadaiwi kuyaamini, lakini hawezi kuyafikisha asipoyaelewa, kwa sababu yapaswa kupita ndani ya akili yake yatoke upande wa pili kwa sura nyingine. Wa tatu ni shahidi: yeye huulizwa, "Wewe, unasema nini?", na neno lake hulipiwa na watu wengine kwa mali na pengine kwa maisha. Kijana wangu aliogopa kwamba mtihani unamfanya kuwa shahidi wa uongo. Nionavyo mimi, mtihani unamtaka awe mkalimani tu. Aibu yetu ni kwamba unaridhika na tarishi, kisha unampa hati ya kwenda kuwa shahidi.

Sipendi kuwalaumu wanafunzi kwa hilo. Tumewajengea njia. Kuna vijitabu vya majibu ya kuigiza, kuna mitihani ya miaka iliyopita iliyopangwa kwa mada, kuna hesabu za siri za kukisia swali gani limepumzika miaka miwili na kwa hiyo litarudi. Kukariri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kurudia. Nasi tumewazoesha watoto kurudia hata kwa Kiingereza ambacho hawana mahali pengine pa kukitumia. Mwanafunzi wa hapa huijua kwa tarehe hadithi ya nondo wa Uingereza, ya kwamba mweusi wa kwanza aliandikwa Manchester mwaka 1848 na kwamba kufikia mwaka 1895 kati ya mia 98 walikuwa weusi kwa sababu ya masizi ya viwanda. Hadithi nzuri, na ya kweli. Nondo huyo hajawahi kumwona, na masizi ya viwanda hayo hayajui, hali mfano wa uteuzi asilia ulio mkubwa kuliko huo unatembea katika damu ya jirani yake, kama nitakavyoeleza.

Baada ya kukumbuka mambo ya kaka yangu nilifanya jaribio dogo, ambalo silitolei hukumu yoyote ya jumla. Nilimwita kwanza mwanafunzi aliyekuwa akiongoza darasa katika Biolojia, nikamwomba anieleze urithi wa selimundu. Alinieleza kwa Kiingereza, harakaharaka, bila kukwama, na kila istilahi mahali pake. Nikamwambia, "Sasa nieleze kwa Kiswahili, kama unamweleza mama mwenye mtoto mmoja mgonjwa, anayetaka kujua kuhusu mimba ya pili." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa Kiswahili kizuri tu, kwamba kwa kuwa mmoja amekwisha kupatikana, uwezekano sasa ni mdogo. Barua ilikuwa imefunguliwa, na ndani yake mlikuwa na kosa lile lile lililoingia nyumbani kwa kaka yangu.

Haikuwa ukosefu wa msamiati, maana istilahi tunazo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi yake sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Alichokosa kijana yule ni kitu cha kufasiri. Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu wasidhani kwamba kumtaka mwanafunzi wa sayansi aseme kwa Kiswahili ni kumpunguzia kazi. Kubadili lugha ni kama kupepeta: makapi hupeperuka, na kama hamna punje ungo hubaki mtupu.

Kisha nikamwita kijana wangu wa swali. Nikampa swali lile lile. Alifikiri kitambo, akasema polepole, "Nitamwambia, mama, mimba haina kumbukumbu. Ya kwanza haikulipa deni la ya pili." Akaendelea mwenyewe bila kuulizwa. Akasema kwamba mama huyo huenda akauliza kwa nini jeni mbaya kiasi hicho haijatoweka, hali wagonjwa wengi zamani walikufa wadogo. Jibu lake ni malaria. Mwenye jeni moja tu ya selimundu haugui ugonjwa huo, na malaria kali humwua kwa shida kuliko mtu asiye nayo kabisa. Kwa hiyo penye mbu wengi wenye kubeba walipona wakazaa, na jeni ikadumu. Penye baridi, ambako malaria ni kidogo, jeni ni adimu.

Aliyeonyesha jambo hili ni Anthony Allison, mtu aliyelelewa Kenya. Mwaka 1949, akiwa katika msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali, akakuta kwamba pwani na kando ya Ziwa Viktoria zaidi ya watu ishirini katika mia walikuwa na alama ya selimundu, na nyanda za juu hata mmoja katika mia ilikuwa taabu kumpata. Akarudi kufanya uchunguzi zaidi Kenya na Uganda, na mwaka 1954 akachapisha maelezo yake kuhusu malaria. Damu zilizokusanywa Uganda kwa watoto wachanga karibu laki moja katika miaka ya 2014 na 2015 zilionyesha kwamba asilimia 13.3 hubeba jeni hii, na katika baadhi ya wilaya zaidi ya asilimia ishirini. Si habari ya mbali.

Nilimsikiliza kijana nikastaajabu. Yule aliyeamini kila kitu alikuwa tarishi. Huyu aliyekataa nusu yake alikuwa mkalimani, tena hodari. Kiswahili chetu kimemwita mtu wa namna hiyo mwaminifu, na tuangalie vizuri kwamba mwaminifu si mwenye kuamini sana. Ni mwenye kuaminika.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba kwa kusema hivyo nimelimaliza tatizo. Kuna hatari upande huu pia. Mtu anaweza kujenga akili yenye vyumba viwili, kimoja cha mtihani na kimoja cha moyo, akafunga mlango wa katikati asiwahi kuufungua. Tumewaona watu wa namna hiyo: mchana hufundisha kuhusu vijidudu, jioni humtafuta jirani aliyemroga mtoto. Ukalimani wa muda mrefu humzoesha mtu kusema vizuri yasiyomgusa. Nilimwambia kijana jambo hilo kwa wazi. Nikamwuliza, "Umekubali kwamba malaria imeteua katika damu za watu, wengine wakadumu na wengine wakapungua. Huo si uteuzi asilia?" Akasema ni huo. "Basi umesimamia wapi?" Akasema amesimamia hapo: kwamba jeni ndani ya binadamu huongezeka na kupungua amekiona kwa hesabu, akakisadiki, kwamba binadamu na sokwe wana babu mmoja hakukiona, wala hajakisadiki. Lakini akaongeza kwamba ule mlango hataufunga.

Nikamtajia kwamba si dini zote zinazoona vita hapo; kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1996, aliiandikia Akademia ya Sayansi ya Kipapa kuwa nadharia hiyo sasa ni zaidi ya dhana tu. Akanikumbusha kwa adabu kwamba yeye si Mkatoliki. Kisha akaniuliza swali ambalo nilistahili kuulizwa tangu mwanzo: "Na wewe, Mwalimu, unaamini?"

Nilimjibu kwamba naamini. Lakini kwa kuwa yeye alikuwa mkweli kwangu, ilinibidi niseme na namna ya kuamini kwangu. Mimi ni mtu wa ngeli na vitenzi. Fuvu lile ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959 nimeliona katika picha. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu, nimezisoma tu. Mifupa sijaishika, miamba sijaipima. Ninawaamini watu walioifanya kazi hiyo, kama mtu anavyomwachia mwingine amana. Na maneno imani, amana na uaminifu ni ndugu wa shina moja. Katika jambo hili, basi, mimi mwenyewe ni tarishi anayependa barua anayoibeba. Nilichoweza kumwambia zaidi ni hiki: kwamba barua hii lakiri yake imevunjwa makusudi, kila mwenye nguvu ya kusoma anaruhusiwa kuisoma, na waliokwisha kuisoma hawakuacha kuisahihisha. Picha maarufu za nondo wale wa Uingereza zilipolaumiwa kwamba nyingine zilikuwa za nondo waliobandikwa kwenye magogo, Michael Majerus wa Cambridge alianza upya mwaka 2001, akawatazama nondo na ndege kwa miaka kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, baada ya kifo chake, yalithibitisha kwamba ndege huwala kweli wale wanaoonekana kwa urahisi. Kijana alitabasamu, akasema hata nondo wa Manchester amepata rufani.

Hatukuafikiana zaidi ya hapo, wala sikuona haja. Mtihani ulikuja mwezi wa Novemba. Aliniuliza kama anaweza kuanza jibu lake kwa neno lenye maana ya "kwa mujibu wa nadharia ya mageuko", nikamwambia hakuna msahihishaji atakayempa alama kwa neno hilo wala atakayemnyang'anya. Alilitumia, hivyo ndivyo alivyoniambia alipotoka.

Mwezi wa Desemba alipita nyumbani kuniaga, nami nikamchukua hadi kwa kaka yangu. Watoto wote wawili wenye ugonjwa wako hai, nashukuru. Wanatumia haidroksiyurea, dawa ambayo majaribio yaliyofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na hapa kwetu Mbale, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba hupunguza maumivu na vifo kwa watoto wa Afrika. Shemeji alikuwa na swali lake ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemjibu, yaani kwa nini aliahidiwa watatu. Kijana hakumlaumu mhudumu. Aliomba mabakuli mawili na maharagwe mekundu na meupe. Akatia katika kila bakuli kumi mekundu na kumi meupe, akasema, "Mama, hili ni bakuli la baba, hili ni lako. Nyeupe ni nzima, nyekundu ni ile ya mundu. Funga macho, uchote moja hapa na moja hapa. Zikiwa nyekundu mbili, mtoto ni mgonjwa."

Shemeji akachota. Nyekundu mbili. Akayatazama maharagwe yale kiganjani.

"Sasa yarudishe, mama. Kila moja kwake."

"Niyarudishe? Si yamekwisha kutoka?"

"Yarudishe. Mimba haiondoi kitu bakulini."

Akayashika kwa muda. Kisha akayarudisha, moja huku na moja huku, akayachanganya kwa vidole, akafumba macho, akachota tena.